Kuipima Ukambani: Kutoka Njaa Zenye Majina Hadi Setilaiti

Habari za udongo wa Ukambani, nchi ya Wakamba nchini Kenya, zimehifadhiwa baharini. Katika pwani ya Malindi kuna matumbawe ya jamii ya Porites, yanayokua polepole kama bonge la jiwe na kuongeza tabaka jipya kila mwaka. Mwaka 2007 wanasayansi wakiongozwa na Dominik Fleitmann walichapisha matokeo ya kulichunguza tumbawe moja la huko lenye umri wa miaka 300 hivi. Walichokitafuta katika matabaka yake ni bariamu, elementi inayofika baharini ikiwa imeshikamana na udongo wa mto. Mto wenyewe ni Sabaki, na Sabaki ndio huohuo Athi uliobadilishwa jina njiani: unakusanya maji ya nyanda za Nairobi na vilima vya Machakos, unapita kati ya Kitui na Makueni, unaitwa Galana ukiwa Tsavo, kisha unamwaga tope lake kaskazini ya mji wa Malindi.

Tumbawe lilionyesha kwamba tangu miaka ya 1700 hadi 1900 tope lililoshuka baharini halikubadilika sana. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 likaanza kuongezeka. Kilele kilifika kati ya 1974 na 1980, pale udongo uliobebwa na mto ulipofika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Watafiti walitaja ongezeko la watu, ukataji wa miti, matumizi ya ardhi yasiyo na mpango na ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970.

Hiyo ni rekodi safi, na ina faida moja kubwa: haikuandikwa na mtu aliyekuwa na hoja ya kutetea. Rekodi nyingine zote za mazingira ya Kitui na Makueni zina wenyewe. Kila aliyeipima nchi hii alikuja na swali lake, na mara nyingi jibu alilopata lilifuata swali alilobeba.

Mgeni wa kwanza kuacha maandishi marefu kuhusu Kitui ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao Rabai. Alifika mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya pembe. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Huko Uingereza wasomi wa jiografia waliokaa vitini mwao wakamcheka: theluji chini ya ikweta? Ubishi ukaendelea kwa miaka. Kitui ikaingia katika vitabu vya sayansi kama mahali pa kusimama ukatazame mlima wa mbali, na hali ya hapo penyewe ikabaki maelezo ya pembeni.

Wenyeji nao walikuwa na njia yao ya kuweka kumbukumbu. Wakamba huipa jina kila njaa kubwa. Ile ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, njaa iliyowafikia wote. Haikuja peke yake. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe mwanzoni mwa muongo huo, nzige wakapita, mvua zikakata, na ndui ikawavamia watu waliokuwa wamekwisha kudhoofika. Miaka hiyohiyo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikipasua nyika ya Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Baadaye zikafuata njaa nyingine, kila moja na jina lake. Iko ya Makonge, ya watu waliokata mkonge wakauza ili wapate chakula. Ile ya 1961 ni ya Ndeke, kwa sababu baada ya ukame yalikuja mafuriko yaliyokata barabara, chakula kikadondoshwa na ndege. Katikati ya miaka ya 1960 ikaja ya Atta, unga wa msaada.

Ukiyatazama majina hayo kama data, utaona jambo ambalo vyombo vya maabara havikulinasa kwa muda mrefu. Hayasemi mvua ilinyesha milimita ngapi. Yanasema chakula kilitoka wapi, kilifikaje, na watu walifanya nini kukipata. Mtaalamu wa leo angeita hiyo takwimu ya soko na usafiri.

Kipimo cha mvua kilikuja kufuata reli. Vituo vya njiani kama Makindu vilihitaji kujua maji, kwa sababu injini za mvuke zilikunywa maji mengi na mafuriko yaliweza kulibomoa tuta la reli. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni iliunda idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Ikadumu kwa sura mbalimbali hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na Kenya ikabaki na idara yake.

Kipimamvua cha kawaida ni kitu rahisi. Ni silinda ya chuma yenye mdomo wa inchi tano, iliyochimbiwa ardhini ikaacha sehemu fupi juu, mbali na miti na kuta. Ndani yake kuna faneli na chupa. Kila siku saa tatu asubuhi mwangalizi huitoa chupa, humimina maji katika bilauri nyembamba yenye mistari, huinama macho yake yakawa sawa na uso wa maji, kisha huandika. Kama hakuna kitu, huandika sifuri, na sifuri hiyo ni ya maana kuliko inavyoonekana, maana siku isiyoandikwa haimwambii mtu yeyote kama ilikuwa kavu au kama mwangalizi alikwenda harusini. Sehemu kubwa ya kazi hii ilifanywa kwa kujitolea na walimu, watu wa misheni na makarani katika vituo vya machifu. Rekodi zao ndizo zilizothibitisha walichokijua wakulima: kwamba Ukambani ina misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kwamba vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi. Mgeni aliyezoea kilimo cha nyanda za juu za Kenya, ambako masika ndiyo mfalme, hupanga kila kitu kinyumenyume akifika mji wa Wote kule Makueni au Mutomo kule Kitui.

Katika miaka ya 1930 kipimo kikageuka siasa. Colin Maher, afisa wa kilimo aliyekuja kuongoza idara ya kuhifadhi udongo ya koloni, alitoa ripoti mwaka 1937 kuhusu mmomonyoko katika hifadhi ya Wakamba ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo. Picha aliyoichora ilikuwa ya nchi inayoelekea kuwa jangwa la mawe. Mwaka huohuo afisa mwingine, R. O. Barnes, alipiga picha za miteremko iliyochunwa, makorongo na malisho matupu. Hakuna sababu ya kusema walidanganya. Tumbawe la Malindi linawaunga mkono: udongo ulikuwa unaondoka kweli.

Lakini walipima nini? Walihesabu ng'ombe, wakapima makorongo, wakaunganisha mawili hayo. Hawakuhesabu kwa uzito uleule ekari ambazo Wakamba walikuwa wamezipoteza kwa walowezi na kwa ardhi ya Serikali, wala malisho ya Yatta waliyokuwa wakizuiwa kuyatumia. Basi dawa ikatoka ndani ya kipimo: ng'ombe wapunguzwe. Mwaka 1938 mifugo ilianza kukamatwa na kuuzwa kwa nguvu kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River kikisubiri. Watu wakagoma. Mamia kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, waliteremka hadi Nairobi kwa miguu na kwa malori wakapiga kambi Kariokor, wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao, Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo serikali ilisalimu amri, ikaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Nadhani hakuna ripoti nyingine ya udongo katika Afrika Mashariki iliyowahi kuleta maandamano makubwa kiasi hicho.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilikuja na wazo jingine: kuwahamishia watu kwenye ardhi isiyokaliwa. Makueni ilikuwa kichaka cha mbung'o. Wataalamu walipima mtawanyiko wa inzi hao, vichaka vikafyekwa, mabwawa yakachimbwa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1940 familia zilizochaguliwa zikapewa mashamba kwa masharti: idadi ya mifugo, matuta, mzunguko wa malisho. Wengi walikataa mwanzoni. Waliogopa kwamba mwenye kukupa shamba kwa masharti anaweza kukunyang'anya kwa masharti. Baadaye watu walimiminika wenyewe, wakavuka hata mipaka ya mpango, na Makueni ikajaa. Mwaka 1992 ikawa wilaya kamili, na mwaka 2013 ikaanza kazi kama kaunti.

Matuta yana hadithi yao, na hapa ndipo rekodi mbili zinapogongana. Yale ya kulazimishwa, yaliyochimbwa chini ya amri ya machifu, yaliachwa yabomoke uhuru ulipokaribia. Halafu watu wakaanza kuyachimba tena kwa hiari, kupitia vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, hasa katika miaka ya 1970 na 1980. Aina iliyoshinda ni fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa tuta hujijenga lenyewe kuwa ngazi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu chao maarufu kuhusu Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo, kati ya 1930 na 1990. Walirudi katika sehemu ambazo Barnes alipiga picha mwaka 1937 wakazipiga tena. Miteremko iliyokuwa mitupu ilikuwa na matuta, miti na mashamba, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Hitimisho lao liliwashangaza wengi: watu wengi zaidi, mmomonyoko pungufu.

Sasa mweke Fleitmann kando yao. Tumbawe linasema miaka ya 1970 ilikuwa mibaya kuliko yote. Kitabu kinasema nchi ilikuwa inapona. Nani mkweli? Kwa maoni yangu wote wawili, kwa sababu kila mmoja ameshika kipimo tofauti. Picha za vilima kama Mbooni na Kilungu zinaonyesha miteremko ya wakulima wenye kahawa, wenye jamaa walioajiriwa Nairobi wanaotuma fedha, na wenye soko karibu. Mto Athi hauchagui. Unakusanya tope la barabara za murram, la malisho ya nyanda za chini, la kingo zilizochimbwa mchanga, na la kila korongo la Kitui linaloteremka upande wa magharibi. Kitui haikuwa na kahawa ya vilima vya Machakos wala ukaribu wake na jiji. Kadhalika, kilele cha tope kilikuja mvua ziliporudi baada ya ukame, wakati ardhi iko tupu na tone la kwanza linapiga udongo usio na hata jani la kuufunika.

Wakati hayo yakiendelea, watafiti wa kituo cha Katumani, nje ya mji wa Machakos, walilisoma swali la mvua kwa upande wa mbegu. Kama msimu wa mvua ni mfupi na hauongezeki, basi mahindi yafupishwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walitoa Katumani, mahindi mafupi yenye magunzi madogo yanayokomaa mapema kabla udongo haujakauka. Hayazai kama mbegu za Kitale, za nyanda za juu, mvua ikiwa nzuri. Ila mvua ikikata katikati, mwenye Katumani huvuna kitu na mwenye mbegu ya Kitale huvuna mabua. Sioni mfano bora zaidi Ukambani wa takwimu za hali ya hewa zilizogeuzwa kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukiweka mfukoni akaenda nacho shambani.

Kisha ikaja 1984. Mvua za masika zilishindwa karibu nchi nzima. Wakamba wakaiita njaa hiyo Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nazo mkononi. Fedha zilikuwepo, maana wengi walikuwa na watoto kazini mijini, ila madukani hamkuwa na mahindi ya kununua. Hakuna kipimamvua kinachoweza kukueleza hivyo. Somo hilo, pamoja na vifo vya Ethiopia vilivyoutikisa ulimwengu, ndilo lililozaa mifumo ya tahadhari ya mapema: mtandao wa Kimarekani wa FEWS mwaka 1985, majaribio ya Turkana katika miaka hiyohiyo, kituo cha kufuatilia ukame jijini Nairobi mwaka 1989 ambacho leo ni ICPAC ya IGAD, mradi wa nchi kame ulioanza 1996, na hatimaye Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, mwaka 2011.

NDMA hufuatilia kaunti 23, Kitui na Makueni zikiwemo, na kila mwezi hutoa taarifa kwa kila moja. Juu kabisa kuna setilaiti, inayopima jinsi majani yanavyorudisha mwanga. Kipimo hicho hulinganishwa na miaka iliyopita mahali palepale, kikapewa alama: 35 hadi 50 ni hali ya kawaida, chini ya 35 ukame umeanza, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 umepita kiasi. Chini yake kuna maswali ya nyumbani. Umbali wa kufika majini ni kilomita ngapi? Mbuzi mmoja sokoni anakununulia mahindi kiasi gani? Halafu kuna utepe wa rangi tatu unaozungushwa juu ya mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma milimita 125 kwenda juu, ni kijani. Kati ya 115 na 125 ni manjano. Chini ya 115 ni nyekundu, na huyo ni mtoto wa kupelekwa hospitali leo, si wa kusubiri kikao cha wiki ijayo.

Bei ya mbuzi kwa mahindi ndicho kipimo ninachokiheshimu zaidi katika taarifa hizo. Ndicho kinachokaribia kulijibu jina la njaa ya 1984.

Setilaiti nayo isitukuzwe kupita kiasi. Kukadiria mvua kutoka angani ni kupima ubaridi wa vilele vya mawingu na kukisia kilichodondoka chini yake. Makisio hayo hurekebishwa kwa vipimamvua vya ardhini, na vipimamvua vimepungua: vituo vingi vya kujitolea vilikufa baada ya miaka ya 1980, waangalizi walipozeeka na fomu zikaacha kukusanywa. Hivi karibuni vituo vinavyojiendesha vimeanza kuwekwa, baadhi yao shuleni.

Kuna hatari moja ambayo Ukambani iliwafundisha madaktari wa dunia nzima, na haikuwa ukame wala mafuriko. Mwanzoni mwa 2004 watu walianza kufika hospitalini Makueni na Kitui macho yakiwa ya manjano, matumbo yamevimba, maini yakishindwa kazi. Kufikia Julai waliogunduliwa walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus katika nafaka. Watafiti wa Wizara ya Afya na wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani walichukua sampuli za mahindi masokoni. Kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa sehemu 20 katika bilioni. Zaidi ya nusu ya sampuli zilikipita, theluthi moja hivi zilipita 100, na asilimia 7 zilipita 1,000.

Mlolongo wake ni wa kutisha kwa jinsi ulivyo wa kawaida. Mahindi yaliteswa na ukame yakiwa shambani, na mmea uliochoka hauwezi kumzuia kuvu. Mvua isiyo ya msimu ikanyesha wakati wa mavuno. Chakula kilikuwa haba na wezi walikuwepo, kwa hiyo familia zilivuna mapema na kuyaweka mahindi ndani ya nyumba yangali mabichi, mahali pa joto pasipo na upepo. Waliougua hasa ni waliokula mahindi ya shamba lao wenyewe. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981 ugonjwa huohuo uliua watu Machakos. Kati ya miaka hiyo miwili hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kupima mahindi ya mkulima mdogo kila msimu. Maabara zilipima yale yaliyokuwa yakiuzwa kwa tani.

Baadaye wataalamu wa kuvu waligundua kwamba aina iliyotawala katika mashamba hayo ilikuwa hatari kuliko kawaida, na ugunduzi huo ukaleta dawa isiyotarajiwa: kupanda kuvu mwenzake. Kuna kuvu wa jamii ileile, wa asili ya Kenya, wasiotengeneza sumu. Hupakwa kwenye mbegu za mtama zilizokaushwa na kuuawa, kisha mkulima huzirusha shambani wiki chache kabla ya mahindi kubeba. Wasio na sumu huwahi nafasi, wenye sumu hukosa pa kukaa. Bidhaa hiyo, Aflasafe KE01, iliidhinishwa Kenya mwaka 2015 na kiwanda chake kikajengwa palepale Katumani.

Kuhusu maji, ubunifu mwingi wa Ukambani ulitangulia vipimo. Mito mingi ya Kitui ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na wanawake wamechimba visima ndani ya mchanga huo tangu zamani. Bwawa la mchanga linafuata wazo hilo: ukuta wa zege juu ya mwamba, kukata mto, mafuriko yakaleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakajificha humo mbali na jua. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza kujipanga mwaka 1978. Shirika la SASOL liliundwa Kitui mwaka 1990 na likajenga mamia ya mabwawa hayo. Watafiti wa Kiholanzi walikuja baadaye kuweka mabomba ya kupimia kina cha maji kingoni, wakaonyesha kwamba ukuta mmoja unaweza kuinua maji ya ardhini hata nje ya mto wenyewe. Lakini mchanga huohuo ni mali kwa mjenzi wa Nairobi. Malori yakianza kuupakia, bwawa linabaki ukuta uliosimama bure, na ndiyo maana Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Kyuso, kaskazini mwa Kitui, paliwahi kufanyika jaribio dogo lililozidi miradi mingi mikubwa kwa manufaa. Kuanzia 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mipini ya pampu za mkono 66. Kila mpini ulipopanda na kushuka, kifaa kilihesabu, kikakadiria maji yaliyotoka, na kutuma idadi kwa ujumbe wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua bila mtu kusafiri kwenda kulalamika. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa siku 27 kwa wastani ndipo itengenezwe. Kwa mfumo huo zikashuka chini ya tatu. Hapa kipimo na fundi vilikuwa chini ya paa moja, na sidhani siri ya mafanikio yale iko pengine.

Mvua zenyewe zinatoka baharini, na bahari imesomwa polepole. Mwaka 1999 wanasayansi nchini Japani walieleza jinsi upande wa magharibi wa Bahari Hindi unavyopata joto kuliko wa mashariki katika miaka fulani, na kuzisukuma mvua za vuli juu ya Afrika Mashariki. Mafuriko yaliyoleta jina la Ndeke mwaka 1961 yakapata maelezo miaka 38 baadaye. Yale ya 1997, ambayo Wakenya wote huyaita El Nino, yalikuwa na mkono wa bahari hiyohiyo, na ya 2019 vilevile. Mvua za 2019 zilikausha machozi ya wakulima kwa msimu mmoja, zikaotesha pia nyasi za nzige. Makundi yaliyoingia Kenya mwisho wa Desemba yalikuwa Kitui mnamo Januari 2020, na vijana wakajifunza kuyaripoti kwa simu, picha na mahali, kwenye programu iliyotengenezwa kwa msaada wa FAO.

Baada ya neema hiyo bahari iligeuka. Vuli ya 2020 haikutosha, masika ya 2021 yakashindwa, na misimu mitatu iliyofuata nayo ikashindwa. Mitano mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, misimu miwili ikiwa imekwisha kupotea na taarifa za kila mwezi zikiwa zimekwisha kusema. Na katikati ya ukame huo, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa maji. Wastani wa msimu ulisema mvua ni chache, na ulisema kweli. Mto wa msimu haujazwi na wastani. Unajazwa na mawingu ya saa mbili huko juu, ambako aliye kivukoni haoni.

Sheria ya NDMA ya mwaka 2016 iliweka mfuko wa dharura ya ukame, ili fedha zitoke alama zikishuka kabla ya watoto kufika kwenye rangi nyekundu. Kanuni za kuuendesha zilitolewa 2021, mwaka uleule wa tangazo la janga. Makueni haikuusubiri. Kwa kanuni za 2015 ilikuwa ya kwanza miongoni mwa kaunti kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, fedha ambazo kamati za wadi hupendekeza zitumike wapi. Mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti huwakalisha wakulima, maafisa wa kilimo na watu wa redio za Kikamba kabla ya msimu, wakapitia utabiri pamoja na wale wanaotazama migunga inavyochanua na upepo unavyogeuka. Sehemu kubwa ya miradi iliyochaguliwa na kamati hizo imekuwa ya maji.